Nasaba za wafalme wa Kihindu: uanze na Ramayana, Mahabharata, Vishnu Purana au Bhagavata?

Neno la Kisanskriti la ukoo ni vamsha, na vamsha hilohilo ni mwanzi. Aliyewahi kukata mwanzi haulizi kwa nini. Pingili imekaa juu ya pingili, kila moja imeota kwenye ile iliyoitangulia, na anayetaka kulifikia shina hushuka fundo kwa fundo.

Ndiyo maana mtu akikuambia yeye ni Raghuvanshi, yaani wa ukoo wa Raghu, au kwamba mungu Krishna ni Myadava, yaani wa ukoo wa Yadu, amekutajia babu. Utataka kumjua huyo babu alikuwa nani na jina lake lilitoka wapi. Hapo ndipo wasomaji wengi hukwama, maana majibu yametawanyika katika vitabu vikubwa. Mahabharata peke yake, kwa hesabu ya jadi, ni beti 100,000. Wengine huanza na Ramayana, utenzi wa Mfalme Rama, kwa kuwa ndiyo wanayoisikia, wakaimaliza bila kujua Kuru ni nani. Wengine hurukia Purana, vitabu vya simulizi za kale za Kihindu, wakazama kwenye orodha ya majina mpaka wakakata tamaa. Kosa si la vitabu. Kila kimoja kina swali lake, na ukikiendea na swali la jirani yake hakitakujibu.

Kabla ya kulinganisha, ramani fupi. Wafalme wote wa simulizi hizi wanarudi kwa Manu, mwana wa Vivasvat, yaani Jua. Kwa mwanawe Ikshvaku ikaota Nyumba ya Jua, iliyotawala Ayodhya na kumzaa Rama. Kwa Ila, mtoto mwingine wa Manu aliyezaa na Budha mwana wa Mwezi, ikaota Nyumba ya Mwezi: Pururavas, Ayu, Nahusha, Yayati, na baada ya Yayati matawi yote ya Wayadava na Wakaurava.

Jambo la pili ni namna jina linavyozaliwa. Sisi tumezoea nisba: Shiraz ikatoa Shirazi, Hadhramaut ikatoa Hadhrami. Kisanskriti hakiishii kubandika kiambishi mwishoni, huvuta pia irabu ya kwanza. Raghu akatoa Raghava, ile a ya kwanza ikirefushwa. Yadu akatoa Yadava, Pandu akatoa Pandava, Kuru akatoa Kaurava, Puru akatoa Paurava. Na Manu akatoa Manava, neno ambalo maana yake ni mtu yeyote. Sisi tunasema binadamu, mwana wa Adamu. Wao husema manava, mwana wa Manu. Ukilishika hili, nusu ya majina utayafungua mwenyewe.

Vigezo

Nimevitazama vitabu vinne kwa mambo yaleyale: ukoo upi umo, majina yanaelezwaje, hadithi zimekaaje, kazi ya kukisoma, na kinamfaa nani. Sikupima utakatifu wala ukale. Hayo waumini na wanazuoni wana mizani yao.

Ramayana

*Ukoo uliomo.* Nyumba ya Jua, na kando yake nyumba ya Mithila alikotoka Sita. Orodha yenyewe inasomwa harusini. Mfalme Dasharatha amefika Mithila kuwaoza wanawe. Kuhani wake Vasishtha anataja wazazi mmoja baada ya mwingine kuanzia mungu muumba Brahma hadi Rama. Kisha baba wa bibi harusi, Janaka, anasema kwamba mtu wa ukoo mwema anapotoa binti hana budi kuitaja nasaba yake bila kubakiza kitu, naye anaitaja ya kwake. Aliyewahi kukaa kwenye posa, wazee wakiulizana kijana ni wa mlango gani, atajiona yuko nyumbani.

*Majina.* Machache, lakini yaliyomo yamenona. Sagara ni "pamoja na sumu": mama yake alipokuwa mjamzito alilishwa sumu na mke mwenza ili mimba iharibike, naye akamzaa mtoto na ile sumu kwa pamoja. Wana 60,000 wa Sagara waliichimba ardhi wakimtafuta farasi wa kafara wa baba yao, na bahari ikaitwa sagara. Walipoteketea wakawa majivu, kilembwe wa Sagara, Bhagiratha, ndiye aliyeushusha mto Ganga kutoka mbinguni uwaoshe. Kwa hiyo mto huo huitwa pia Bhagirathi.

*Hadithi.* Nasaba hapa ni utangulizi wa maisha ya mtu mmoja. Wengi wa wafalme wanaotajwa harusini hupita kama majina tu. Na kuna mahali mwanzi huu unapingana na mingine: orodha ya Vasishtha inawaweka Nahusha na Yayati miongoni mwa babu za Rama, ilhali vitabu vingine vyote vitatu vinawahesabu watu wa Nyumba ya Mwezi. Raghu naye yumo mbali sana juu, vizazi vingi kabla ya Aja babu yake Rama. Kwa mshairi Kalidasa, katika shairi lake Raghuvamsha, Aja ni mwana wa Raghu wa kumzaa.

*Kazi ya kusoma.* Vitabu saba, beti 24,000 kwa hesabu ya jadi. Ukitaka nasaba tu, fungua kitabu cha kwanza, Balakanda: habari za Sagara na Ganga ziko kuanzia sura ya 38, na orodha za harusini ni sura ya 70 na 71 katika matoleo mengi.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka kumjua Rama kwanza, na babu zake baadaye.

Mahabharata

*Ukoo uliomo.* Nyumba ya Mwezi, hasa tawi la Puru hadi Kuru. Anayesimuliwa ni Mfalme Janamejaya, kitukuu wa Arjuna, mmoja wa wana watano wa Pandu, katikati ya kafara ya nyoka aliyoiandaa kulipiza kifo cha baba yake. Anauliza habari za watu wake mwenyewe, na unalihisi hilo kila ukurasa.

*Majina.* Hapa ndipo ningekaa siku nyingi. Chukua Yayati. Alimwoa Devayani, binti wa Shukra, kuhani wa Maasura, maadui wa miungu, kisha akazaa kwa siri na Sharmishtha, binti wa mfalme wa Maasura hao. Shukra akamlaani: uzee ukamshukia palepale. Laana ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea, kwamba angeweza kumpa mwingine uzee ule akikubali kumwachia ujana wake. Yayati akawaomba wanawe watano. Yadu akakataa. Turvasu, Druhyu na Anu wakakataa. Puru, mdogo wa wote, akakubali. Baada ya miaka elfu moja ya starehe Yayati akamrudishia ujana wake na kumpa kiti, mdogo mbele ya wakubwa. Kisha kitabu kinagawa mataifa: kwa Yadu wakatoka Wayadava, kwa Turvasu Wayavana, kwa Druhyu Wabhoja, kwa Anu makabila ya wageni, na kwa Puru Wapaurava.

Isome hadithi hiyo ukijua jambo moja. Majina hayo matano yamo katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo takatifu ulio mkongwe zaidi, na humo ni majina ya makabila. Yanatajwa pamoja katika ubeti mmoja, na baadhi yao wamo katika vita vya wafalme kumi dhidi ya Sudas wa kabila la Bharata. Huko hakuna baba anayeomba ujana wala ndugu watano. Kwa hiyo makabila yalikuwapo kwanza, na undugu wao ukasimuliwa baadaye, na simulizi ikaeleza kwa nini mmoja ana kiti na mwingine hana. Kwangu hili haliipunguzii hadithi thamani. Linaonyesha kazi iliyofanya.

Kuna pia mahali ambapo mhusika mwenyewe halijui jina lake. Arjuna na ndugu zake wako njiani usiku, wanakutana na gandharva, kiumbe wa mbinguni, mtoni, naye anamwita "Tapatya". Arjuna anashangaa: sisi ni wana wa Kunti, hilo Tapatya limetoka wapi? Ndipo anasimuliwa kwamba Kuru, babu aliyewapa jina la Kaurava, alizaliwa na Tapati, binti wa Jua, aliyeolewa na Mfalme Samvarana. Shujaa wa Nyumba ya Mwezi anakuta damu ya Jua kwa upande wa mama.

*Hadithi.* Nzito, na zenye maswali magumu. Mfalme Vichitravirya wa ukoo wa Kuru alikufa bila mtoto, na mwenye hekima Vyasa akazaa na wajane wake. Ndivyo walivyopatikana Dhritarashtra na Pandu. Pandu naye hakuzaa. Wanawe watano walitoka kwa miungu. Bado wote ni Wakaurava, kwa maana kwa sheria wanayoitaja mtoto ni wa mwenye shamba, hata kama mbegu ni ya mwingine. Anayedhani jina la ukoo ni damu tupu, kitabu hiki kitamsumbua, na ni vizuri kimsumbue.

*Kazi ya kusoma.* Kubwa. Toleo la kiuhakiki lililoandaliwa Pune kati ya 1919 na 1966 lilipunguza maandishi hadi kama beti 75,000, na bado ni bahari ya vitabu 18. Nasaba ziko katika kitabu cha kwanza, Adi Parva, sehemu iitwayo Sambhava. Humo utakuta orodha mbili za tawi la Puru zikifuatana, moja ya mashairi na moja ya nathari, na hazilingani. Usidhani umesoma vibaya. Ile ya nathari ndiyo inayotaja wake na asili za majina, kwa mfano kwamba Hastin ndiye aliyeujenga mji wa Hastinapura.

*Kinamfaa nani.* Mwenye subira, na anayependa kuona nasaba ikibishaniwa na watu wenyewe.

Vishnu Purana

*Ukoo uliomo.* Nyumba zote mbili, na matawi yake, katika kitabu cha nne kati ya sita. Parashara anamfundisha mwanafunzi wake Maitreya, kwa mpangilio, nyumba kwa nyumba.

*Majina.* Ukitaka asili za majina kwa wingi, ndicho kisima. Ikshvaku alitoka puani kwa Manu alipopiga chafya, na jina linaiga kitenzi cha kupiga chafya. Mwanawe Vikukshi alitumwa porini kutafuta nyama ya sadaka ya mababu. Akachoka, akashikwa na njaa, akamla sungura mmoja katika wale aliowawinda. Alipofika nyumbani kuhani akaikataa nyama yote kwa kuwa imeshalikwa, na kijana akaitwa Shashada, mla sungura, jina lililobaki katika nasaba ya wafalme. Mwana wa Shashada alikubali kuwapigania miungu kwa sharti kwamba Indra, mfalme wa miungu, ambebe. Indra akageuka fahali, naye akaketi juu ya nundu. Nundu ni kakud, kwa hiyo akawa Kakutstha, na Rama huitwa kwa jina hilo pia. Baadaye kidogo Mfalme Yuvanashva anakunywa usiku maji yaliyoombewa mkewe, anashika mimba yeye, na mtoto anatokea ubavuni. Watu wanauliza atanyonya nini. Indra anampa kidole na kusema kwa Kisanskriti "atanyonya mimi", na maneno hayo yakawa jina Mandhata.

Upande wa Mithila ni vilevile. Mfalme Nimi alilaaniwa akapoteza mwili, na maiti yake ikapekechwa kama moto wa vijiti hadi akatoka mtoto. Kwa kuzaliwa hivyo akaitwa Janaka; kwa kuwa baba hakuwa na mwili akaitwa Vaideha; kwa kupekechwa akaitwa Mithi. Nimi mwenyewe hakutaka mwili tena, akapewa makao katika kope za viumbe. Kufumba na kufumbua ni nimesha kwa sababu hiyo.

*Hadithi.* Fupi, nyingi zikiwa aya moja ya nathari kavu. Sagara yumo na sumu yake, lakini baba yake ni Bahu, na anayemwokoa mama asijitupe kwenye moto wa mazishi ni Aurva. Katika Ramayana baba ni Asita, na mwenye hekima ni Chyavana. Jina ni lilelile, na sumu ni ileile.

Kinachokipa kitabu hiki uzito wa pekee ni mwisho wa sehemu ya nne. Msimulizi anaishi zama za Parikshit, baba wa Janamejaya, hivyo wafalme wa baadaye anawataja kama utabiri: Wananda, kisha Kautilya anayewang'oa na kumsimika Chandragupta, kisha Wamaurya kumi kwa miaka 137. Hapo kisasili kinagusana na historia inayojulikana kwa njia nyingine. Na baada ya orodha yote, Ardhi yenyewe inaimba. Inawacheka wafalme waliopigana wakisema "hii ni yangu" na sasa hawapo. Nimeusoma wimbo huo mara nyingi kuliko sehemu yoyote ya Purana hizi.

*Kazi ya kusoma.* Sura 24 tu kwa nasaba. Tafsiri ya Kiingereza ya H. H. Wilson ilitoka London mwaka 1840, na maelezo yake ya pembezoni yanalinganisha majina na Purana nyingine. Usiache sura ya 13 ya kitabu cha kwanza: Prithu, mfalme aliyeikimbiza Ardhi ilipogeuka ng'ombe mpaka ikakubali kukamuliwa, naye akaipa jina la Prithvi.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka mti mzima mkononi haraka, na hachoki na majina.

Bhagavata Purana

*Ukoo uliomo.* Nyumba zote mbili, katika kitabu cha tisa kati ya 12. Hata hiki kina sura 24, lakini zote zinaelekea kwa Krishna, ambaye kitabu cha kumi ni chake.

*Majina.* Kakutstha, Shashada na wenzao wamo, wakipita upesi. Jambo la kushika ni Bharata. Kitabu cha tano kinasema nchi ya Bharata imepata jina kwa Bharata mwana wa Rishabha. Vishnu Purana, kitabu cha pili, inasema hivyohivyo. Katika Mahabharata jina la ukoo wa Bharata linatoka kwa mwana wa Dushyanta na Shakuntala. Watu hawa wawili huchanganywa kila siku, na jambo si dogo, kwa kuwa Katiba ya India ya 1950 inaitambua nchi pia kwa jina la Bharat.

*Hadithi.* Anayesikiliza ni Parikshit, mjukuu wa Arjuna, aliyebakiwa na siku saba kabla ya kuumwa na nyoka. Mtu wa namna hiyo hasikilizi nasaba ili ajigambe. Ndiyo maana Yayati wa humu anamsimulia Devayani habari za beberu aliyemwokoa mbuzi jike kisimani akawa mtumwa wa tamaa, na Devayani anajua ni nani anayesemwa. Maisha ya Rama yamekunjwa katika sura mbili.

*Kazi ya kusoma.* Lugha ya asili ni ngumu na ya kishairi, ila tafsiri zimeenea.

*Kinamfaa nani.* Anayesoma kwa ibada, au anayetaka kuona wafalme wanapimwa kwa uchaji wao.

Viwili vya kando

Harivamsha, nyongeza ya Mahabharata, inaanza kwa lalamiko kwamba habari za Wakuru zimesimuliwa na za Wavrishni, watu wa Krishna, zimeachwa. Raghuvamsha ya Kalidasa ni shairi la sura 19, kutoka Dilipa hadi Agnivarna, na humo Raghu anapewa jina kutokana na kitenzi cha kwenda, kwamba ataufikia mwisho wa elimu na wa maadui.

Uchague lipi, kwa hali yako

Kama umekutana na jina la Raghuvanshi hapa Afrika Mashariki, huenda ni kwa Walohana, jamii ya Kigujarati iliyoenea Uganda, Kenya na Tanzania, ambao jadi yao inawarudisha kwa Rama kupitia mwanawe Lava. Anza na Balakanda, kisha Raghuvamsha. Lava utamkuta katika Ramayana. Mnyororo kutoka Lava hadi Walohana ni jadi ya jamii yenyewe, usiutafute humo. Kama jina ni la upande wa Yadu, kama wanavyojinasibu Wabhatia wa Kutch waliofanya biashara Zanzibar, nenda Vishnu Purana kitabu cha nne kuanzia sura ya 11, kisha Harivamsha.

Mtunzi wa riwaya au tenzi anayetafuta kisa cha baba na wana, afungue Yayati wa Mahabharata asome polepole. Mwanafunzi wa historia ashike Vishnu Purana mkono mmoja na Rigveda mkono wa pili. Mwenye wiki moja tu achukue kitabu cha nne cha Vishnu Purana, sura nne kwa siku, aone mti mzima kabla ya kuchagua tawi. Aliyefiwa, au anayesoma kwa ajili ya moyo wake, Bhagavata iliandikwa kama imemlenga.

Na kama unataka kuchora mti wewe mwenyewe, tumia karatasi pana na kalamu za rangi nne, rangi moja kwa kila kitabu. Ukifika kwa Sagara, andika Asita kwa rangi ya Ramayana na Bahu kwa rangi ya Vishnu Purana, vyote viwili. Ukifika kwa Ila, acha nafasi: Mahabharata inasema alikuwa mama wa Pururavas, na alikuwa baba yake pia.